Mume wangu ameorodhesha mashamba 14 ya mizabibu kwa siku tatu: tuyapunguze vipi?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Lang'ata. Mimi na mume wangu tutatimiza miaka 15 ya ndoa mwezi wa Agosti, na kwa kuwa watoto watakuwa likizoni kwa nyanya yao, tumeamua kusafiri hadi Cape Town, Afrika Kusini, tukayaone mashamba ya mizabibu ambayo kwa miaka mingi tumekuwa tukisoma majina yake kwenye chupa. Tutakuwa wanne: sisi wawili, wifi yangu, na mumewe. Tiketi za ndege tumekwisha kulipia. Tunafika Jumatano jioni na kuondoka Jumapili alasiri, kwa hivyo tuna siku tatu kamili. Malazi bado hatujalipia.

Taabu ilianza mume wangu alipoleta orodha. Ameandika mashamba 14: Groot Constantia, Klein Constantia, Kanonkop, Vergelegen, Delaire Graff, Spier, Boschendal, Babylonstoren, La Motte, Haute Cabrière, Nederburg, Fairview, Graham Beck na Hamilton Russell. Anasema tukiamka mapema na kutopoteza wakati mezani, tutayamaliza yote, naye ndiye atakayeendesha gari. Nilipomuuliza ataendeshaje huku anaonja mvinyo tangu asubuhi, alijibu kwamba wifi yangu, ambaye ameokoka na hagusi pombe, anaweza kushika usukani. Wifi alikasirika, akasema hakulipa nauli ya kwenda Afrika Kusini ili awe dereva wa walevi, na kwamba afadhali akae garini asome Biblia yake mpaka tumalize. Sasa hawasemezani vizuri, nami niko katikati.

Kuna jambo jingine ambalo naona haya kulisema. Mimi sijui mvinyo. Ninaoupenda ni mtamu, ule ambao mume wangu na shemeji huuita juisi ya watoto. Naogopa kwamba nitaketi mbele ya wataalamu wakiniuliza nasikia ladha gani, nami sina la kujibu. Mume wangu naye amewaahidi wenzake wa kazini picha za zabibu nyeusi zikining'inia, na anataka kila shamba lenye jina kubwa liwemo. Tupunguze vipi orodha hii bila kumvunja moyo, na bila kumwacha wifi garini?

Mama Wawili,
Lang'ata, Nairobi

Dada mpendwa,

Hongera kwa miaka 15. Nimeisoma orodha ya mumeo nikiwa na ramani mezani, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hiyo si orodha ya safari bali ni orodha ya chupa. Amekusanya majina aliyoyazoea kwenye rafu za supamaketi, na majina hayo yametapakaa katika sehemu sita ambazo huwezi kuziunganisha kwa siku tatu bila kuishi barabarani. Graham Beck liko Robertson, yapata kilomita 160 kutoka Cape Town, ilhali Hamilton Russell liko karibu na mji wa pwani wa Hermanus, kilomita 120 hivi kwa upande mwingine. Anayetafuta mashamba ya kutembelea huanza kwa kuchagua bonde, na akishalichagua bonde, mashamba hujipunguza yenyewe, kwa sababu yaliyo nje ya njia huondoka bila ya kugombaniwa.

Kabla ya mabonde, niruhusu nikupe hesabu ndogo ya kumwonyesha mumeo, kwa kuwa watu wa orodha hushawishika kwa hesabu kuliko kwa maombi. Katika chumba cha kuonjea, mgeni kwa kawaida humiminiwa mvinyo wa aina tano hivi, kila mmoja kiasi kidogo cha mililita 30 au zaidi. Tano mara 30 ni 150, yaani glasi moja nzima. Ukipita mashamba matano kwa siku, umekunywa mililita 750, ambazo ni chupa kamili, na hapo bado hujahesabu glasi ya chakula cha mchana. Mimi mwenyewe, nilipokwenda mara ya kwanza, nilipita matano kwa siku moja. Ya kwanza mawili nayakumbuka mpaka leo, hata harufu ya ghala la mapipa. La tatu nakumbuka mbwa wake tu. Ya nne na tano sina habari nayo, isipokuwa kwamba nilirudi Nairobi na chupa mbili za bei kali ambazo sikumbuki kwa nini nilizinunua. Mawili kwa siku yanatosha, matatu ndiyo mwisho, na hayo matatu ni kwa siku ambayo hakuna hata mmoja wenu anayeendesha gari.

Sheria ya Afrika Kusini haimruhusu dereva wa kawaida kufikisha gramu 0.05 za pombe kwa kila mililita 100 za damu, na kiwango hicho hufikiwa upesi kuliko watu wanavyodhani. Mkazi wa Nairobi anayekijua kifaa cha kupimia pombe, alkoblo, usiku wa Ijumaa hahitaji kuelezwa zaidi. Barabara zenyewe zina milima: kati ya Stellenbosch na Franschhoek unapanda mlima wa Helshoogte, na wakati wa mvua ukungu hutanda huko juu. Kuhusu kumpa wifi yako usukani, nadhani yeye ana haki. Mtu asiyekunywa si dereva wa bure. Angejitolea mwenyewe ingekuwa hisani, lakini kupangiwa na kaka yake ni jambo jingine, na ningependa mumeo amwombe radhi kabla hamjafika uwanja wa ndege, kwa sababu siku nne ndani ya gari moja na mtu aliyenuna ni ndefu.

Sasa tuje kwenye mwezi wenyewe. Mumeo ameahidi picha za zabibu zikining'inia, na Agosti hatazipata. Kule ni upande wa kusini wa dunia, na Agosti ni majira ya baridi na mvua. Mavuno huanza mwishoni mwa Januari na kuendelea hadi Machi au Aprili, na baada ya hapo majani hugeuka rangi yakapukutika. Mtakapofika, mizabibu itakuwa vishina vyeusi visivyo na jani hata moja, na wafanyakazi watakuwa wakiipogoa, safu kwa safu, wakiwa wamevaa makoti ya mvua. Nasema haya mapema ili asije akasimama shambani akidhani ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini usihuzunike, kwa sababu Agosti ina uzuri wake: wageni ni wachache, yule anayekumiminia ana nafasi ya kuzungumza nawe, vyumba vingi huwashwa moto wa kuni, na milima nyakati nyingine huwa na theluji kileleni. Mvinyo mwekundu, ambao wakati wa joto la Januari humchosha mtu, hunyweka vizuri zaidi ukiwa umekaa karibu na moto. Mwezi huo pia una jambo moja baharini ambalo nitalieleza nikifika Hermanus.

Kwa siku yenu ya kwanza, Alhamisi, nawashauri Constantia, na sababu kubwa ni wewe.

Constantia ni kitongoji cha Cape Town chenyewe, mwendo wa nusu saa hivi kutoka katikati ya jiji, kwa hivyo mtatumia teksi ya kuitwa kwa simu kama mnavyofanya hapa, bila kukodi gari. Shamba la Constantia lilianzishwa mwaka wa 1685 na Simon van der Stel, aliyekuwa gavana wa Waholanzi, na baada ya kifo chake mwaka wa 1712 liligawanywa. Groot Constantia na Klein Constantia ni majirani hadi leo, na yote mawili yamo katika orodha ya mumeo, kwa hivyo siku ya kwanza hatakuwa na la kulalamikia. Kilicholipa jina eneo hilo ni mvinyo mtamu. Naam, mtamu. Zabibu za aina ya Muscat ziliachwa kwenye mzabibu mpaka zikaanza kusinyaa na sukari yake kukolea, kisha zikakamuliwa, na mvinyo uliotokana nazo ulikuwa ukisafirishwa hadi katika nyumba za kifalme za Ulaya. Napoleon, alipokuwa amefungwa katika kisiwa cha St. Helena, alikuwa akipelekewa mvinyo wa Constantia. Baadaye mdudu wa filoksera aliishambulia mizabibu ya Rasi, yaani eneo la Cape, katika karne ya 19 na mvinyo huo ukatoweka, hadi Klein Constantia walipoifufua mizabibu na kutoa mvinyo wa mavuno ya mwaka wa 1986 kwa jina la Vin de Constance. Leo ni miongoni mwa mvinyo unaoheshimiwa zaidi barani Afrika. Waache mumeo na shemeji waonje hiyo juisi ya watoto, halafu wewe usiseme neno. Angalia tu nyuso zao.

Na kuhusu hofu yako ya kuulizwa unasikia ladha gani, jibu kwa vitu unavyovijua. Wao wanataja matunda ya kwao, wewe una ya kwako: ukisikia pera, sema pera, ukisikia ukwaju, asali ya Kitui, au embe lililoiva kupita kiasi, sema hivyo hivyo, na anayekumiminia atafurahi, kwa sababu amechoka kusikia maneno yale yale kutoka kwa kila mgeni. Kuna ndoo ndogo mezani ya kutemea na kumwagia kilichobaki. Kuitumia si utovu wa adabu hata kidogo. Wanaofanya kazi ya mvinyo hutema siku nzima. Ukipewa nafasi ya kuchagua mpangilio, onja mweupe kabla ya mwekundu, na mtamu uwe wa mwisho, kwa kuwa ukianza na mtamu yote inayofuata itaonekana chachu.

Katika Groot Constantia pia kuna jumba la kale ambalo sasa ni makumbusho, nalo ni la wifi yako kama lilivyo lenu. Ningependa mlipitie polepole. Mashamba yale hayakupandwa na magavana kwa mikono yao. Yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Msumbiji ni pwani hii hii yetu. Mtu wa Afrika Mashariki akisimama kwenye ua ule mweupe na mzuri, akijua hivyo, hauangalii kwa macho yale yale ya mtalii mwingine, na sioni kwamba jambo hilo linaiharibu safari. Linaipa uzito.

Siku ya pili, Ijumaa, ndipo palipo na uchaguzi mgumu, kwa sababu lazima mchague kati ya Stellenbosch na Franschhoek. Stellenbosch ni mji mkubwa zaidi, wa mwaka wa 1679, wenye chuo kikuu na mialoni mirefu barabarani, na kwa anayesoma mvinyo ndiko kwenye shule: ndiko Profesa Abraham Perold alikochanganya mizabibu miwili mwaka wa 1925, Pinot Noir na Cinsaut, ikapatikana Pinotage, ambayo ni zabibu ya Afrika Kusini yenyewe, na ndiko Kanonkop, shamba ambalo jina lake na la Pinotage hutajwa pamoja. Lakini mashamba ya Stellenbosch yamesambaa pande zote za mji, na bila dereva hamfiki popote. Kama mngekuwa wanne wote mnaopenda mvinyo mwekundu, ningesema nendeni huko na msiangalie nyuma. Ninyi si hao.

Kwenu ninyi nachagua Franschhoek. Ni bonde dogo lililozungukwa na milima pande tatu, kama kilomita 75 kutoka Cape Town, ambalo Wahugenoti waliokimbia mateso ya kidini Ufaransa walipewa ardhi kuanzia mwaka wa 1688. Ndiyo maana mashamba mengi yana majina ya Kifaransa. Huko, tangu mwaka wa 2012, kuna tramu ya mvinyo. Wageni hupanda tramu na mabasi yanayofuata njia maalumu, hushuka shamba wanalolitaka, hukaa kiasi cha saa moja, kisha hupanda gari linalofuata hadi jingine. Njia ni kadhaa na kila moja ina mashamba yake, kwa hivyo kosa la wengi ni kununua tiketi kwanza na kuuliza baadaye kama shamba wanalolipenda limo. Fanyeni kinyume chake: chagueni mashamba mawili au matatu, kisha tafuteni njia inayoyapitia. Fahamuni vilevile kwamba tiketi ya tramu kwa kawaida ni ya usafiri tu, na ada ya kuonja hulipwa shambani. Baadhi ya mashamba huisamehe ada hiyo ukinunua chupa.

Katika bonde hilo nina ombi moja la shamba ambalo halimo katika orodha ya mumeo. Linaitwa Klein Goederust. Mwaka wa 2019 lilinunuliwa na Paul Siguqa, ambaye mama yake alikuwa kibarua wa mashamba ya mizabibu, likawa shamba la kwanza la mvinyo katika Franschhoek kumilikiwa na Mwafrika mweusi. Mvinyo wake mmoja una jina la mama huyo. Ardhi kubwa ya mvinyo katika jimbo la Western Cape bado iko mikononi mwa wachache walioirithi, na hadi karne ya 20 kulikuwa na mashamba yaliyowalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa mvinyo wa bei rahisi, desturi iliyoacha ulevi katika vizazi vizima. Kwa hivyo nikiwa na nafasi tatu za kumpa mwenye shamba pesa yangu, moja naipeleka huko. Mumeo hatakuwa ameliona jina hilo kwenye supamaketi ya Nairobi, na hiyo kwangu ni sifa nyingine: chupa unayoipata Lang'ata kila Jumamosi haikuhitaji kukupandisha ndege.

La pili liwe mojawapo kati ya La Motte na Haute Cabrière, ambayo mumeo ameyaandika; la Haute Cabrière liko mlimani kwenye njia ya kuvuka Franschhoek na ghala lake limechimbwa ndani ya mlima, nalo limejulikana kwa mvinyo wa mapovu unaoitwa Cap Classique, unaochachushwa mara ya pili ndani ya chupa kama wanavyofanya Champagne. Kama mtafika la tatu, vizuri. Kama mtanogewa na chakula cha mchana mkaliacha, vizuri zaidi. Msikubali kula kwa haraka. Mji huo unajulikana kwa wapishi wake, na mwenye wazo la kutopoteza wakati mezani aelezwe kwa upole kwamba meza ndiyo nusu ya safari.

Wifi yako siku hiyo hatakuwa na sababu ya kubaki garini kwa kuwa gari lenyewe halipo. Tramu inapita katikati ya mizabibu na milima, na hilo ni starehe ya mtu yeyote. Baadhi ya mashamba humwandalia asiyekunywa juisi ya zabibu, mengine huandaa chokoleti au jibini; ulizeni kila shamba wakati wa kuweka nafasi, na msiposikia jibu la heshima, chagueni shamba jingine. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia mimi siku zote, hata nikisafiri na wanywaji watupu: je, asiyekunywa atafanya nini hapa kwa saa moja na nusu? Shamba lisilo na jibu la swali hilo, mara nyingi halina lolote zaidi ya kaunta na risiti.

Jumamosi nendeni Hermanus. Hilo ndilo jambo la baharini nililoahidi. Kuanzia Juni hadi Novemba hivi, nyangumi huja katika ghuba hiyo kuzaa na kunyonyesha, na huonekana kwa macho ukiwa umesimama kwenye njia ya majabali juu ya bahari, bila kupanda mashua. Dakika chache kutoka mjini ndipo linapoanza bonde la Hemel-en-Aarde, jina ambalo kwa Kiafrikana maana yake ni Mbingu na Dunia, na nadhani jina hilo peke yake litampatanisha wifi yako na mvinyo kwa siku moja. Upepo baridi wa bahari hupoza bonde hilo, ndiyo maana Tim Hamilton Russell alipotafuta mahali pa kupanda Pinot Noir na Chardonnay alinunua ardhi huko mwaka wa 1975. Hamilton Russell limo katika orodha, basi liwe ndilo shamba la siku hiyo. Mkitaka la pili, liko Creation, juu zaidi bondeni, ambako kila mvinyo huletwa pamoja na kipande cha chakula kilichopikwa kwa ajili yake. Lakini huko hukai bila kuweka nafasi. Kwa kuwa vyumba vingine vya kuonjea hufungwa mapema Jumamosi, mvinyo uwe asubuhi na nyangumi mchana.

Siku hii ndiyo pekee mtakayohitaji gari, na nawasihi mkodi lenye dereva wake. Gharama ikigawanywa kwa watu wanne haifiki mbali, na mumeo ataonja akiwa na amani. Laleni Jumatano na Alhamisi Cape Town, kisha Ijumaa na Jumamosi Franschhoek. Kutoka huko hadi Hermanus ni kama saa moja na nusu, na Jumapili hadi uwanja wa ndege ni kama saa moja.

Na mvua ikinyesha Jumamosi kiasi cha kuificha bahari? Mwezi huo hilo linawezekana sana. Basi mgeuze safari, dereva awapeleke Kanonkop asubuhi, mumeo na shemeji wapate Pinotage yao, kisha nyote mwende Babylonstoren, ambalo haliko mbali. Huko kuna bustani kubwa ya mboga, matunda na mitishamba, kila kitu chake kinaliwa, na mwanamke yeyote aliyelelewa na mama mwenye shamba atatembea humo akitaja majina na kulinganisha sukuma wiki. Nashuku mumeo ataiombea mvua hiyo kwa siri.

Kwa hesabu yangu, kati ya 14 mmebaki na manne au matano ya orodha yake, na moja langu. Ya Robertson na ya Paarl, yaani Graham Beck, Nederburg na Fairview, yameondoka yote; Fairview naliacha kwa uchungu kidogo, kwa ajili ya mbuzi wake wenye mnara wao wa kupanda na jibini linalotengenezwa hapo hapo, lakini haliko njiani. Spier, Vergelegen na Delaire Graff ni mashamba mazuri na hayatakimbia. Mwambie mumeo kwamba hayo ndiyo ya maadhimisho ya miaka 20, na kwamba safari hiyo iwe ya Februari, akapige picha zake za zabibu.

Kama bado atabisha, fanyeni jaribio moja nyumbani kabla ya Agosti. Nunueni chupa tatu: Chenin Blanc, ambayo ndiyo zabibu iliyopandwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, Pinotage, na Cap Classique. Waiteni wifi na shemeji kwa chakula, mzifiche lebo kwa gazeti, na kila mtu aandike anachokipenda. Nimeona watu walioapa hawanywi kingine ila mwekundu wakimaliza chupa ya Chenin bila kujua. Mtagundua mapema ni shamba la aina gani linalostahili saa zenu, na jioni hiyo huenda ikawa pia nafasi ya kaka kuomba radhi kwa dada yake.

Mambo ya karatasi ni machache. Mwenye pasipoti ya kawaida ya Kenya, tangu Januari 2023, haombi viza ya kwenda Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90 kwa mwaka, lakini cheti cha chanjo ya homa ya manjano hudaiwa kutoka kwa anayetoka Kenya, na chanjo yenyewe huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari, basi msingoje wiki ya mwisho. Wekeni nafasi za mashamba mapema, na mwangalie kalenda: Agosti 9 ni sikukuu ya wanawake nchini humo, na ikiangukia siku zenu, wenyeji wa Cape Town nao watakuwa mabondeni.

Mwisho ni chupa za kurudi nazo. Forodha ya Kenya humruhusu msafiri aliyefikisha umri wa miaka 18 kuingia na lita mbili za mvinyo bila ushuru. Chupa ya kawaida ni mililita 750, kwa hivyo mbili ni lita moja na nusu, na watu wengi huishia hapo. Lakini Vin de Constance, ule mtamu wa Klein Constantia, huuzwa katika chupa ndogo ya mililita 500, ambayo ukiiongeza juu ya zile mbili inatimiza lita mbili bila kuzidi hata tone. Zifungeni ndani ya nguo katika begi la kukabidhiwa, si la mkononi. Hiyo ndogo ipakie katika begi lako mwenyewe, na wenye kucheka juisi ya watoto wasionjeshwe mpaka waombe.

Wako,
Mshauri